Watoto Hawahesabiwi

Asubuhi ile Mwatum Borafya Simai alikuwa Kendwa, akisafishwa kidonda cha mguu. Na Mwatum Borafya Simai huyo huyo alikuwa mjini hospitalini, mimba ya miezi minane, hajitambui, akitayarishwa kupasuliwa. Kompyuta ndiyo iliyosema hivyo, na kompyuta ya Khawla haikuwa na mzaha. Ilimwekea alama nyekundu juu ya kioo, na chini yake maneno machache: mtu mmoja, vituo viwili.

Khawla aliyatazama akiwa na kikombe cha chai mkononi, akacheka. Alidhani kuna mtu kaazima namba ya mwenziwe ili asipange foleni ya kuandikishwa, mambo ambayo watu wetu hawashindwi nayo. Kisha akasoma tena, na kicheko kikamkauka mdomoni. Kendwa iko kaskazini kabisa ya kisiwa. Hata jini mwenye haraka zake angechelewa njiani.

Jina lile alilikumbuka. Miezi mitatu nyuma aliliona mara mbili katika kioo hiki hiki, na yeye mwenyewe, kwa kidole chake, ndiye aliyelifanya moja.

Kazi yake ilikuwa hiyo. Ofisi yao ilikuwa ghorofani katika nyumba moja kongwe ya Mkunazini, na ilikuwa ikiyakusanya mafaili ya wagonjwa kutoka vituo vya Unguja nzima na kuyapandisha mahali pamoja, kwenye kile wanachokiita wingu. Mama yake, Bi Salhiya, alipoelezwa habari hiyo aliuliza, "Wingu? Na siku likinyesha?" Nyumba nzima ikacheka. Khawla akamfafanulia kwa subira kuwa ni kompyuta kubwa zilizo mbali, na kwamba sasa mtu akiugua popote kisiwani, daktari atamjua tangu chanjo yake ya kwanza. Aliyaamini hayo kwa moyo wake wote. Wala usimcheke, kwa sababu yalikuwa ya kuaminika. Nani asiyemjua mgonjwa aliyetumwa arudi kijijini kufuata cheti alichokisahau chini ya godoro?

Shida ilikuwa kwamba mtu mmoja aliweza kuwa na faili Bwejuu, jengine mjini, jengine tena huko alikoolewa. Mashine iliyatafuta yaliyofanana, ikampelekea Khawla, naye akawa kadhi: huyu ni mmoja au ni wawili? Akibonyeza, mafaili mawili huwa moja. Na pale yanapogombana, neno jipya hulifuta la zamani. Ndivyo walivyoiagiza mashine, na kwa kawaida ni busara, maana habari za leo hupita za juzi.

Mafaili ya Mwatum yalifanana kupita kiasi. Jina lake, la baba yake, la babu yake. Kijiji Bwejuu. Namba ya simu ile ile, ya baba. Tarehe ya kuzaliwa ile ile, siku ya kwanza ya Januari, tarehe ambayo nusu ya watu wa shamba wamepewa na makarani kwa kuwa hakuna aliyeandika siku waliyozaliwa. Mashine ilikuwa na yakini. Khawla hakuwa mvivu, na ingawa siku hizo walihimizwa wakimbie, alijua haraka haraka haina baraka. Alichukua simu akampigia baba mtu.

"Naam," sauti ya mzee ilijibu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Nnapiga kutoka mjini, ofisi ya habari za afya. Nnauliza kuhusu mwanao, Mwatum."

"Mwatum mzima, alhamdulillahi."

"Ni huyo huyo, baba, au una na Mwatum mwengine?"

Mzee alinyamaza. Nyuma yake jogoo aliwika, na mwanamke akasikika akimfukuza mbuzi. Kisha mzee akasema kwa upole, kama anayefunga mlango bila ya kuubamiza, "Watoto wapo, mwanangu. Mungu katujaalia, alhamdulillahi."

Mgeni angeuliza mara ya pili. Khawla hakuwa mgeni. Yeye ni mtoto wa mjini, babu zake walikuja na marikebu kutoka Arabuni, lakini ukimya ule aliujua kuliko alivyoijua kompyuta. Kwao pia watoto hawahesabiwi. Bi Salhiya akiulizwa na wageni ana watoto wangapi, hujibu "wapo, wapo," akasukuma mbele sahani ya kashata ili mazungumzo yageuke. Husda haina macho. Huhesabiwa madafu na matofali, lakini watoto ukiwahesabu unamwonesha mwenye kijicho pa kupunguza. Tena kumwuliza mzee wa watu ana akina Mwatum wangapi ni sawa na kumwuliza una wake wangapi, na msichana wa makamo ya Khawla, kwa simu, kwa mtu asiyemjua, angeanza wapi? Alimwomba radhi, akamtakia siku njema, akabonyeza. Alifanya kosa kwa sababu ya adabu.

Sasa alikiweka kikombe chini na kufungua kurasa za zamani za faili, moja baada ya moja. Bwejuu, miaka sita iliyopita: amechomwa penisilini, amevimba uso, pumzi zimekatika, amekimbizwa mjini na kuponea chupuchupu, asichomwe tena maisha. Kendwa, mwaka jana: amechomwa penisilini kwa ajili ya jipu, hakuna tatizo. Akarudi kwenye ukurasa wa mbele, ule ambao daktari huutazama. Mzio: hakuna.

Neno jipya lilikuwa limelifuta la zamani.

"Ni wawili," alisema kwa sauti. "Nassra, ni wawili!"

Nassra, aliyekaa meza ya pili, aligeuka. "Akina nani?"

 Khawla alibonyeza pa kutenganisha. Mashine ikamwambia ombi lake limepokewa na linasubiri idhini ya msimamizi. Msimamizi ni Bwana Muhannad, na Bwana Muhannad alikuwa katika hoteli moja ya Shangani, mbele ya wageni, akizindua wingu lake. Simu yake ilikuwa imezimwa. Khawla akapiga namba ya wodi ya wazazi, na mwanamke asiye na roho akamwambia kuwa namba hiyo haitumiki.

 Aliona hivi hivi, bila ya kufumba macho, mkono wa nesi ukiinua kichupa, ukivuta dawa, ukigonga bomba kwa kucha. Kabla ya kupasuliwa mtu huchomwa dawa ya kuzuia usaha, na dawa inayochukuliwa kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyopo kabatini, ni ya jamaa ya penisilini. Nani angeizuia? Mgonjwa mwenyewe kapigwa na kifafa cha mimba, hasemi. Na kile kioo kinasema hakuna.

"Mtafute Muhannad," alimwambia Nassra. "Mtafute hata kama yupo juu ya jukwaa. Mwambie atenganishe!" Naye akashuka ngazi mbio, buibui lake likinasa kwenye misumari ya mlango.

Hospitali haikuwa mbali, lakini vichochoro vya Mkunazini havikujengwa kwa mtu mwenye haraka. Watalii walikuwa wamesimama katikati wakipiga picha mlango. Mkokoteni wa maji ulikuwa umeziba kona. Khawla alipita kwa mabega, akisema samahani, kisha hakusema tena samahani.  Hakuwahi kumwona Mwatum, hakujua ni mrefu au mfupi, na sasa alihisi kama amemshika mkono juu ya kisima na vidole vinateleza. Huku anakimbia alimpigia tena yule mzee, maana alitaka mtu mmoja duniani amwambie kuwa amekosea.

"Naam." Palikuwa na mvumo wa gari. Mzee Borafya alikuwa njiani kuja mjini.

"Baba, mimi niliyekupigia zamani, kuhusu Mwatum. Una Mwatum wangapi?"

"Mwanangu, leo mimi nna mgonjwa, si siku ya..."

"Baba, nakuomba! Una Mwatum wangapi?"

Mzee alinyamaza ukimya ule ule wa siku ile. Khawla aliusikia, na safari hii ulimtisha kuliko kelele.

"Mwambie, Borafya," sauti ya mwanamke ilisema pembeni yake. "Mwambie anachokitaka!"

"Wawili," mzee alisema. Neno lilimtoka kama jino. "Wawili, mwanangu. Mkubwa wa Bi Jokha, mdogo wa Bi Bashira, aliyeolewa Kendwa. Mama yangu mie alikuwa Mwatum, basi kila mmoja katika wake zangu akataka jina lizaliwe kwake, na mie sikutaka ugomvi nyumbani. Wawili."

"Na aliyevimba kwa sindano?"

"Mkubwa. Huyo aliyeko spitali. Kwani hawajui? Si imeandikwa kwenye kadi yake, kwa wino mwekundu?"

Kadi ile ilikuwa imekusanywa pamoja na nyengine. Wenziwe Khawla walizipitia vijijini, wakawaambia watu kwa furaha kwamba sasa hawahitaji tena kubeba makaratasi.

Nje ya mlango wa chumba cha upasuaji alisimama kijana aliyeshika kanga ya mwanamke na viatu vyake. Ndiye Suhail, mume wa Mwatum. Khawla alimkamata mkono bila ya salamu.

"Wameshamchoma sindano?"

"Sijui. Waliniuliza kama ana aleji ya dawa."  "Nikawaambia mie nimemuoa mwaka jana tu, tazameni kwenye mashine yenu. Wakatazama. Wakasema hana."

Khawla alisukuma mlango. Nesi mmoja aliyeziba uso akaja mbele yake akimnyooshea kiganja, atoke, atoke, hapa hapaingiwi. "Penisilini!" Khawla alipiga kelele. "Huyo asichomwe penisilini, mashine imekosea, huyo si yule!"

Nesi alishusha kiganja. Mkono wake wa pili ulikuwa na bomba la sindano, na bomba lilikuwa tupu.

"Nshamchoma," alisema. "Sasa hivi hivi."

Nyuma yake, juu ya kitanda, Khawla alimwona Mwatum Mkubwa kwa mara ya kwanza. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, hina bado mbichi miguuni, na midomo yake ilikuwa inaanza kufura. Chombo kimoja kikaanza kulia. Daktari akaita adrenalini, akaita tena kwa ukali, watu wakageuka wote kwa pamoja, na mlango ukafungwa usoni mwa Khawla.

Mficha uchi hazai, husema watu wazima, na wamesema kweli. Lakini hawakusema afanye nini yule aliyemuuliza mtu uchi wake akaona haya kungoja jibu.

Alikaa kwenye benchi. Ndani palisikika vyuma, nyayo, sauti za haraka, na kila paliponyamaza Khawla alifikiri ndiyo basi. Aliomba. Aliomba vibaya, akirukaruka, kama mtoto aliyesahau nusu ya dua. Suhail alikuja akakaa karibu yake, viatu vya mkewe mapajani.

"Wewe ni nani, dada?"

"Natoka ofisi ya mafaili."

"Umekimbia mpaka hapa kwa ajili yetu?" Macho yalimjaa machozi. "Mungu akulipe. Akulipe kila la kheri."

Khawla alitaka kumwambia ukweli, akaishia kuvitazama vile viatu. Shukurani ile ilimchoma kuliko tusi.

Mzee Borafya alifika na Bi Jokha, mama wa mgonjwa, ambaye hakumsalimu mtu bali alikwenda moja kwa moja akaweka paji la uso kwenye mlango na kubaki hapo. Mzee alikuwa mtu wa kanzu safi na kofia ya kushona kwa mkono, na vumbi la njiani kwenye ndevu. Khawla alisimama. Alikuwa ameamua liwalo na liwe.

"Shikamoo baba. Ni mimi wa simu. Mimi ndiye niliyewafanya mmoja. Mwanao kachomwa dawa isiyomfaa kwa sababu yangu."

Mzee alimtazama, lakini ilikuwa dhahiri kuwa hakumsikia.

"Nimewahesabu," alisema.

"Baba, si..."

"Miaka yote sijawahi kuwahesabu. Wameuliza wa sensa, wameuliza wa vyandarua, sijawahi. Leo nimetamka ndani ya gari, wawili, na haukupita muda Suhail akapiga simu kuwa Mwatum anakata roho." Mkono wake ulikuwa ukishika na kuachia kishikizo cha kanzu. "Ningenyamaza, mwanangu. Ningenyamaza tu."

"Sindano ilishaingia kabla, baba. Haikuwa wewe."

"Umejuaje?"

 Khawla hakujua. Alikuwa kichochoroni wakati ule, na nesi alikuwa na bomba mkononi, na mzee alikuwa akilisema neno lake. Kipi kilitangulia hakuna mtu atakayewahi kukijua. Alitaka kumwambia kwamba mambo hayaendi hivyo, kwamba neno haliui mtu. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amemtia mtu kwenye mdomo wa kaburi kwa neno moja kwenye kioo, hakuna, na hakuwa na uso wa kumfundisha mzee juu ya maneno.

Basi wakakaa, kila mmoja akiogopa kosa lake.

Mlango ulipofunguka, daktari alikuwa amelowa jasho mpaka mgongoni. Bi Jokha aligeuka na kuushika ukuta.

"Tulimpoteza kidogo, akarudi," daktari alisema. "Anapumua kwa mashine, lakini yupo. Na mtoto yupo, wa kike, kalia mwenyewe. Kwa hiyo wako wa..."

"Usiseme!" Mzee Borafya aliinua kiganja, na sauti yake ilipasua ukumbi mzima. Kisha akaiteremsha. "Usiseme wangapi, daktari. Wapo. Inatosha. Alhamdulillahi."

Suhail alianguka sijida pale pale sakafuni. Bi Jokha alilia bila ya sauti. Khawla alitaka kufurahi, na kweli kitu kilimlegea kifuani, lakini hofu haikutoka. Ilikaa kama mgeni aliyekwisha kula na bado haagi.

Alasiri alirudi ofisini. Bwana Muhannad alikuwa ameshafika kutoka hotelini, na ua la wageni bado limechomekwa kwenye koti lake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshatoa idhini, Mwatum wamekuwa wawili tena, na alimtaka Khawla akapumzike nyumbani.

"Nimewatajia wageni jina lako," alimwambia. "Nimewaambia hakuna aliyeunganisha mafaili mengi kama wewe. Usijitese, Khawla. Kosa moja katika maelfu."

"Umejuaje kama ni moja?"

Bwana Muhannad alikohoa, akalichomoa lile ua, akalitazama. 

Khawla alikaa mezani pake. Aliwakumbuka wote aliowapigia simu kabla ya kubonyeza, kwa sababu alikuwa mwangalifu, kwa sababu alikuwa na adabu. Wazee wa Makunduchi, wa Paje, wa Kizimkazi, wa Ng'ambo. Akina mama waliomwitikia kwa sauti za asali. Kwa miezi alikuwa akiwauliza swali lile lile, na wote walimjibu kitu kile kile, naye alikuwa akikishukuru na kukiandika kuwa ni ndiyo. Kina nani kati yao walikuwa wawili? Nani leo yuko kitandani mahali fulani na damu ya mwenziwe, na dawa ya mwenziwe, na kioo kinachosema hakuna?

Akachukua simu, akaanza na wa mwanzo.

"Naam?" Alikuwa bibi kizee, sauti nyembamba.

"Shikamoo bibi. Nnapiga kutoka ofisi ya afya, mjini. Nnawaulizia wajukuu zako."

"Marahaba, mwanangu. Wapo, alhamdulillahi."

 Neno lile Khawla alilisikia tangu tumboni mwa mama yake, amelelewa nalo na kulala nalo, na hii ilikuwa mara ya kwanza maishani kulisikia na kuogopa.

"Bibi, usinifahamu vibaya. N'tajie mmoja mmoja, na mama zao. Wako wangapi?"

Bibi alinyamaza. Ukimya ule ule. Khawla aliubana mkono wa simu mpaka vidole vikamuuma, akangoja, hakuomba radhi, hakumtakia siku njema. Aliposema tena, sauti ya bibi ilikuwa imeshuka, na ndani yake mlikuwa na hofu kubwa kuliko ya Khawla.

"Wewe ni nani," aliuliza, "unayetaka kuwahesabu wanangu?"

Simu ikakatika. Khawla akapiga tena. Iliita, ikaita mpaka ikanyamaza yenyewe, na huko upande wa pili hakuna aliyeigusa.